Hujafa Hujaumbika: Mwili wa Kijana wa Eastlands na Maadili ya Usomaji

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliandaa hojaji ya kupima ubora wa maisha. Muhtasari wa hojaji hiyo una maswali 26, na miongoni mwake limo moja ambalo mwanafasihi hawezi kulipita bila kusita: mhojiwa huulizwa iwapo anaweza kulikubali umbo lake jinsi linavyoonekana. Swali hili lina heri zake. Linakiri kwamba ubora wa maisha hauishii katika chakula, malazi na dawa, na kwamba mtu anayeamka kila asubuhi akiuonea haya mwili wake ana upungufu ambao hesabu ya mapato haiwezi kuudhihirisha. Hata hivyo, swali lenyewe limeelekezwa upande mmoja tu. Linamwuliza kijana kama ameukubali mwili wake. Halimwulizi ni nani aliyeukataa kwanza.

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa Shirika hilohilo linapofasili ubora wa maisha husema kuwa ni namna mtu anavyoiona nafasi yake maishani, ndani ya utamaduni na mfumo wa thamani anamoishi. Jamii, basi, imo katika fasili; imeachwa nje ya swali. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa na makala haya. Hoja yetu ni kwamba aibu ya mwili, hasa miongoni mwa vijana, si udhaifu wa mwenye mwili bali ni matokeo ya usomaji mbaya: mwili husomwa na wengine kama matini yenye kauli kuhusu thamani, tabia, afya na mfuko wa mwenyewe, bila mwenyewe kuulizwa. Na maadamu kusoma ndiyo kazi tuliyopewa, sisi walimu wa fasihi tuna deni katika jambo hili.

Mifano yetu mingi imetoka katika mitaa ya Eastlands, Nairobi: Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora. Hatudai kuwa vijana wa huko ni tofauti na vijana wengine wa Afrika Mashariki. Tumeichagua mitaa hiyo kwa sababu mwandishi wa makala haya alilelewa humo, na kwa sababu humo jicho la jirani liko karibu mno.

2.0 Umbo, Kuumbuka na Sura: Ushahidi wa Lugha

Kabla ya kuingia mtaani, yafaa tuisikilize lugha yenyewe. Kutokana na kitenzi umba tunapata nomino umbo, umbile na maumbile. Mwili ni kitu kilichoumbwa. Una mwumbaji, na kwa hiyo una heshima inayotangulia maoni ya mtazamaji. Lakini kitenzi hichohicho, kikichukua kiambishi cha kutendua kama ilivyo katika funga na fungua, au ziba na zibua, hutupa umbua, na kisha umbuka. Kumwumbua mtu ni kumharibu umbo. Ni pia kumfedhehesha mbele ya watu. Kuumbuka ni kuaibika hadharani. Kwa mujibu wa Kiswahili, basi, fedheha haimpunguzii mtu sifa tu. Fedheha hutengua kile kilichoumbwa. Anayemcheka kijana kwa umbo lake anafanya, kwa ulimi, kazi iliyo kinyume cha uumbaji.

Neno la pili ni sura. Kiarabu kina maneno mawili, moja lenye maana ya umbo au taswira, jingine lenye maana ya mlango wa Kurani, nayo hutofautiana kwa matamshi na maandishi. Yalipoingia katika Kiswahili yalikutana katika sauti moja. Uso ni sura. Mgawanyo wa kitabu ni sura. Hatudai kuwa uhusiano huu ni wa asili. Ni sadfa ya matamshi. Lakini sadfa za lugha huweza kutufunulia mazoea ya wasemaji wake, na hapa zoea linalofunuliwa ni lile la kuutazama uso wa mtu kana kwamba umeandikwa.

Neno la tatu ni methali tuliyoitwalia kichwa cha makala haya: hujafa hujaumbika. Kwa kawaida hutumiwa kumwonya anayemcheka mlemavu: wewe pia bado uko safarini, na lolote laweza kukupata. Huo ni usomaji sahihi, lakini ni usomaji wa juujuu, nao unategemea hofu. Tukiuzingatia muundo wa kitenzi tunakuta maana nzito zaidi. Mtu aliye hai hajamaliza kuumbwa. Umbo lake la leo si kauli ya mwisho kumhusu. Ikiwa mwili ni matini, basi ni matini ambayo haijakamilika, na anayeitolea hukumu ya mwisho amefanya kosa la usomaji kabla ya kufanya kosa la adabu. Tutairudia methali hii baadaye, kwa kuwa ina utata ambao haufai kufichwa.

3.0 Mtaa kama Msomaji

Historia ya Eastlands ni historia ya miili iliyosomwa. Pumwani ulitengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940. Katika kipindi hicho mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, hati yenye jina lake, alama za vidole vyake na maneno ya mwajiri wake, na aghalabu aliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mwili wake haukuaminiwa kujieleza. Ulibebeshwa maandishi ili msomaji mwenye mamlaka ausome njiani. Kipande kilikwisha, ila zoea la kumtaka mtu wa mitaa hii ajithibitishe kwa namna anavyoonekana halikwisha nacho.

Baadaye mtaa wenyewe ulijifunza kusoma. Nyumba zimekaribiana, bomba la maji ni la wote, ngazi ni moja, na kituo cha matatu ni ukumbi. Msichana akitoka nyumbani hadi kituoni hupitia macho ya mama wa mboga, fundi wa viatu, vijana waliokaa ukutani, na wanawake wanaoanika nguo. Wengi wao hawana nia mbaya. Hata majina wanayoyatoa huwa ni ya mapenzi: mnene huitwa sponyo, na mweupe husifiwa kuwa ana rangi ya thao, yaani rangi ya noti ya shilingi 1,000. Lakini jina la utani ni usomaji uliogandishwa. Kijana anaweza kukonda, kunenepa, kukomaa na kuhama. Jina humngoja palepale kituoni.

Tunaomba radhi kwa kuleta kumbukumbu ya binafsi mahali hapa, kwani bila hiyo hoja itabaki hewani. Katikati ya miaka ya 1990 mama mdogo wetu alikuwa akiishi nasi Jericho. Alikuwa na umri wa miaka 24, fundi cherehani mwenye wateja wa kutosha kulipa karo ya mmoja wetu. Mwaka mmoja alianza kukonda. Ugonjwa wake, kama ilivyokuja kugunduliwa, ulikuwa vidonda vya tumbo. Lakini ilikuwa enzi ambayo UKIMWI uliitwa slim nchini Uganda, kwa kukondesha kwake, na Kenya nako wembamba wa ghafla ulikuwa umeshapewa maana moja tu. Serikali ingekuja kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Mitaani hukumu ilikuwa imetangulia. Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Hakuna aliyesema neno. Mama mdogo alianza kuvaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, mwezi wa Februari, jua likiwa la utosini. Chini ya sketi alivaa nyingine mbili. Sisi watoto tulidhani anahisi baridi.

Alitibiwa mashambani, akapona, akarudi Nairobi akiwa amejaa mwili. Watu walewale walimpokea kwa furaha ya kweli. Wakamwambia, "Dada, umenawiri!" Wakamletea vitambaa. Alivishona, kwa maana ilikuwa riziki yake, lakini alituambia miaka mingi baadaye kwamba sifa hizo zilimwuma kuliko ule ukimya. Alisema kwamba ukimya ulimfanya ahisi amekufa, na sifa zikamfahamisha kuwa ni kweli walikuwa wamemzika.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, lisidhaniwe kuwa dhuluma ilikuwa katika kukosea ugonjwa. Lau angekuwa na virusi kweli, wateja waliomkimbia wangekuwa wamesoma sawasawa na wangekuwa wamedhulumu vilevile, pengine zaidi. La pili, sifa na kashfa zilitoka katika kalamu moja. Aliyesema umenawiri alikuwa akiendelea kushikilia haki ileile aliyoitumia kumwacha: haki ya kuamua, kwa kutazama tu, kama huyu ni mtu wa kushirikiana naye. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wanaodhani kuwa dawa ya aibu ya mwili ni kuongeza sifa. Kijana anayeishi kwa sifa za mtaa yumo mikononi mwa mtaa.

4.0 Rangi ya Thao na Swali la Lawama

Tumetaja rangi ya thao. Sitiari hii yastahili kuangaliwa, kwa kuwa haisemi kwamba ngozi nyeupe inapendeza. Inasema kwamba ni fedha. Inakwenda sambamba na methali kongwe isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na soko linalotajwa humo si la kufikirika. Msichana wa Kayole anayetafuta kazi ya kupokea wageni, ya kuhudumu mkahawani au ya kutangaza bidhaa madukani anajua kuwa picha yake itatazamwa kabla ya cheti chake. Anapoununua mkebe wa krimu hajadanganyika kuhusu jamii yake. Ameisoma vizuri kupita kiasi.

Mwaka 2014 uliwaleta mbele ya umma Wakenya wawili waliolisema jambo hili kwa njia zinazopingana. Mnamo Februari, Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya na kupata umaarufu Marekani, alisimulia katika hotuba jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa mweupe, na jinsi mama yake alivyomfundisha kuwa uzuri hauliwi. Mwaka huohuo Vera Sidika alisema waziwazi katika runinga kuwa ameibadili rangi ya ngozi yake, akautetea uamuzi huo kwa hoja kwamba mwili wake ni biashara yake. Wengi walimshangilia wa kwanza na kumlaani wa pili. Tunadhani ni haki kumpenda wa kwanza, lakini si haki kumpuuza wa pili, kwa kuwa yeye alikuwa akieleza kanuni ya soko ambalo wasichana wengi wanaingia bila kuulizwa. Uzuri hauliwi, ni kweli. Ila katika mitaa tunayoizungumzia uzuri unalipa kodi ya nyumba, na mwenye kukana hilo mbele ya msichana anayedaiwa kodi anahatarisha imani yake kwa mambo mengine yote atakayomwambia.

Hatari za krimu zinajulikana. Zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiacha ngozi na weusi mzito usiotoka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliyaweka mapambo yenye zebaki miongoni mwa bidhaa zitakiwazo kuondolewa sokoni. Sheria kama hizo ni za lazima. Lakini sheria huzuia kopo. Haizuii jicho lililolifanya kopo lihitajike.

Je, msichana huyo ana lawama? Katika uhakiki wetu kuna majibu mawili ya mazoea. La kwanza ni la usaliti: amejikana, ameuacha uafrika wake. Chanzo chake mashuhuri kifasihi ni Song of Lawino ya Okot p'Bitek (1966), ambamo Lawino anamcheka Klementina, mwanamke wa mumewe, kwa poda, kwa midomo iliyopakwa rangi, na kwa kujinyima chakula asije akanenepa. Tumeifundisha kazi hii kwa miaka mingi kama utetezi wa uzuri wa Kiafrika, nayo ni utetezi wa nguvu. Hata hivyo, tukiisoma upya hatuwezi kukwepa kuona kwamba Lawino anatetea mwili wake kwa kuuumbua mwili wa mwanamke mwingine. Wembamba wa Klementina unafanyiwa kejeli ileile ambayo Ocol anaufanyia weusi wa Lawino. Aliyejeruhiwa na macho ameazima macho. Hatusemi hili kumpunguzia Okot hadhi. Yumkini ndilo jambo la kweli zaidi katika kazi hiyo, kwamba aibu hupita kutoka mwili hadi mwili ikitafuta pa kutua.

Jibu la pili ni la uhuru: mwili ni wake, na aufanye apendavyo. Jibu hili lina heshima ambayo la kwanza halina, kwa kuwa linamchukulia msichana kuwa mtu mzima. Kasoro yake ni kwamba linamwacha peke yake. Linaita hiari kitu ambacho kimelipiwa na hofu. Majibu yote mawili, ingawa yanazozana, yanakubaliana katika kosa moja: yanaanza na msichana na kumalizia kwake. Aliyemtazama hayumo. Tunadiriki kusema kuwa katika mashtaka haya mshtakiwa aliyeletwa mahakamani siye.

5.0 Mwili wa Kijana wa Kiume

Itakuwa kosa kudhani kuwa suala hili ni la wasichana peke yao. Dandora, Kayole na mitaa jirani zipo sehemu za wazi ambapo vijana wa kiume huinua vyuma vya kujitengenezea: bomba la chuma lililotiwa mikebe ya saruji kila upande. Wapo wanaofanya hivyo kwa afya na furaha. Wapo pia wanaojenga kifua kwa sababu kijana asiye na kazi hana kingine cha kuonesha kuwa ni mwanamume. Mwili unakuwa mshahara ambao haukulipwa.

Kwa kijana huyu usomaji mbaya una matokeo ambayo hojaji ya ubora wa maisha haiwezi kuyapima, kwani hugusa uhai wenyewe. Nywele za rasta, kofia iliyoshushwa, viatu vilivyo vipya kupita kipato kinachodhaniwa kuwa chake, hivi vyote husomwa barabarani kama ungamo. Mwaka 2017 Kituo cha Haki za Jamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu mauaji ya vijana mikononi mwa polisi, na jina lake la Kiingereza liliuliza ni nani atakayefuata. Swali hilo ni la kijana anayejua kuwa ameshasomwa. Hapa tunaona kwamba dhihaka ya kituoni na bunduki ya usiku si vitu vya jamii mbili tofauti. Uzito wake haulingani hata kidogo, lakini mantiki yake ni moja: kutoka umbo hadi thamani kwa hatua moja, bila kumwuliza mwenye umbo.

6.0 Deni la Wanafasihi

Sasa tujitazame wenyewe. Katika kila darasa la riwaya tunafundisha kwamba mhusika hujengwa kwa maelezo ya umbo, matendo na usemi wake. Katika mitihani tunauliza: eleza wasifu wa fulani. Na mwanafunzi hodari hutoa alama kutoka umboni: macho makali, basi mkatili; kiuno chembamba na sauti nyororo, basi mwema; tumbo kubwa, basi mla rushwa. Tunamtuza alama. Tumemzoeza kwa miaka minne, kwa jina la fani, kufanya kile ambacho mtaa humfanyia akirudi nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya shahada ya uzamili, mwanafunzi mmoja anayetoka Umoja aliuliza ni kwa nini mwanamke anayependwa katika hadithi tulizokuwa tukizisoma hufanana daima: mweupe wa kunde au wa maji ya kunde, mwembamba kiunoni, mrefu wa shingo. Mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, mweusi. Tulimjibu kwamba hiyo ni kaida ya kisanaa iliyorithiwa kutoka ushairi wa kale wa kuwasifu wapenzi, na kwamba mhakiki hapaswi kuichanganya sanaa na maisha. Jibu lilikuwa sahihi kitaaluma. Aliliandika, akashukuru, na hakuuliza swali jingine hadi mwisho wa muhula. Makala haya, kwa kiasi fulani, ni jibu la pili kwake, lililochelewa.

Tungemwambia nini? Kwanza, kwamba fasihi yetu yenyewe imewahi kuutilia shaka usomaji huu, nasi hatukuwa makini kuona. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa anajiua baada ya mchumba wake, Charles, kugundua kuwa si bikira na kumwacha. Tumezoea kuihakiki riwaya hii kwa kuuliza nani alaumiwe, Rosa au malezi makali ya babake, Zakaria. Tukifuata hoja ya makala haya tunaona kwamba kinachomwua Rosa ni usomaji. Charles anautwaa mwili kama waraka, anausoma mstari mmoja, na kukifunga kitabu. Mambo mengine yote ambayo sisi wasomaji tunayajua kumhusu Rosa, majuto yake na jitihada zake za kubadilika, hayamo katika mstari huo. Mwandishi ametupa sisi kitabu kizima ambacho Charles amekataa kukisoma. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anachakaa kimwili mbele ya macho yetu, na ni rahisi kuuchukua mchakao huo kama hati ya hukumu. Lakini riwaya inamruhusu aanze upya, na hivyo inamkatalia msomaji haki ya kuhitimisha mapema.

Pili, tungemtajia Siti binti Saad wa Unguja (1880-1950). Alizaliwa Fumba katika ukoo wenye asili ya utumwa, akaja mjini, na sauti yake ikamfikisha Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928. Washindani wake walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa asili yake na umaskini wa mavazi yake ya awali. Jibu lake, lililo maarufu hadi leo na ambalo aghalabu hukumbukwa pamoja na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, halikudai kuwa yeye ni mzuri. Hilo ndilo la kuzingatiwa. Alisema kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, na kwamba aibu ni kukosa akili. Hakuomba asomwe upya kwa huruma zaidi. Aliukataa msamiati wa msomaji. Kijana akiambiwa na walimu wake kwamba kila mtu ni mzuri, anaachwa katika soko lilelile kwa bei ya uongo. Siti alitoka sokoni.

7.0 Pingamizi na Masharti

Pingamizi mbili zastahili kujibiwa. Ya kwanza: je, tunapiga marufuku kusifu uzuri na kujipamba? La, hasha. Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, hakuona haya kumwusia juu ya manukato na mapambo, na hina ya bibi harusi wa Pumwani ni furaha isiyohitaji utetezi wetu. Kufurahia umbo si dhambi. Dhambi inaanza katika hatua ya pili, pale umbo linapogeuzwa kuwa ushahidi wa jambo jingine. Ama ile hoja kwamba mwili hausomeki kabisa, hatuishiki. Daktari huusoma kila siku. Lakini daktari mwema huusoma kwa ruhusa ya mwenye mwili, kwa faida yake, na huwa tayari kusahihishwa na maneno yake. Ruhusa, faida na kusahihishika: haya matatu ndiyo tunayoyapendekeza kuwa masharti ya usomaji wa mwili wenye maadili. Wateja wa mama mdogo walikosa yote matatu, na ndivyo ilivyo kwa waliompachika kijana jina la kituoni.

Pingamizi ya pili inatoka katika methali yetu wenyewe. Ikiwa hujafa hujaumbika, msichana wa krimu anaweza kutuambia: basi niacheni nijimalizie. Tunalikubali pingamizi hili kuwa zito. Jibu letu ni dogo nalo limo katika kitenzi. Methali haisemi hujajiumba. Inasema hujaumbika, kiambishi hicho huonesha jambo linalotokea kwa mtu, si amri anayojipa. Kuumbika kunaendelea mradi mtu anaishi: katika kazi, katika malezi, katika ugonjwa na kupona, katika miaka. Anayejipaka krimu kwa hofu hajakosea kwa kujibadili. Amekosea, kama ni kosa, kwa kukubali kuwa msomaji wake wa kituoni ndiye atakayesema lini ameumbika. Na kosa hilo tumemsaidia kulifanya.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kuwa swali la kumwuliza kijana kama anaukubali mwili wake limewekwa mahali pasipo pake. Ubora wa maisha yake hautengenezwi ndani ya kioo chake. Unatengenezwa, au kuharibiwa, katika mwendo wa kutoka mlangoni hadi kituo cha matatu, katika dirisha la mwajiri, chini ya tochi ya askari, na katika madarasa ambamo wasifu wa mtu huanza na kiuno chake. Kwa hiyo hojaji ya haki ingekuwa na swali la pili, la kuulizwa sisi tuliobaki: je, unaweza kumtazama mtu bila kuhitimisha?

Kwa upande wetu tumeanza na jambo dogo lililo ndani ya uwezo wetu. Katika kozi ya riwaya tunayoifundisha, swali la kueleza wasifu wa mhusika kwa umbo lake limebadilishwa. Mwanafunzi sasa huulizwa ni nani anayelitazama umbo hilo katika matini, amepewa na nani haki ya kulitazama, na ni jambo gani asiloliona. Hatujui kama hilo litamfikia yeyote Jericho. Mama mdogo yuko hai, ana umri wa zaidi ya miaka 50, na bado ana cherehani. Mteja akija kupimwa, humwuliza kwanza anataka nguo ya kufanyia nini, na kitambaa atachukua baadaye.